Vita Visivyofika Darrowby

Katika jumba la makumbusho la Thirsk, mji mdogo wa gulio huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, kuna kiti cha mbao kilichotundikwa ukutani, juu kiasi kwamba huwezi kukikalia hata ukitaka. Inasimuliwa kwamba kilikuwa kiti cha Thomas Busby, mwenye baa aliyenyongwa mwaka 1702 kwa kumuua baba mkwe wake, Daniel Auty, mtengeneza sarafu bandia. Kabla ya kitanzi, Busby alikilaani kiti chake: atakayekikalia, kifo hakitakawia. Kiti kikabaki baa, wanywaji wakawa wanatambiana kukikalia, na orodha ya waliokufa ikarefuka kizazi baada ya kizazi, mpaka mwaka 1978 mwenye baa alipokikabidhi kwa makumbusho kwa sharti kwamba asikalie mtu tena.

Baadaye mtaalamu wa historia ya samani, Adam Bowett, alikikagua akaona kwamba vijiti vyake vimechongwa kwa mashine. Kiti ni cha miaka ya 1840 hivi. Kilipotoka kwa fundi, Busby alikuwa ameshaoza zaidi ya karne nzima.

Basi ni kiti cha uongo. Ila ukiisikiliza orodha ya marehemu wake utakutana na vijana wa Kikanada. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, nchi tambarare inayouzunguka mji huo ilijaa viwanja vya ndege za kivita: Dishforth, Leeming, Topcliffe, Dalton, Skipton-on-Swale. Kuanzia Januari 1943 eneo hilo likawa ngome ya Kundi Namba 6 la jeshi la anga la Kanada, lililokuwa likirusha ndege za mabomu usiku kwenda Ujerumani. Wasimulizi wanasema vijana hao walikuwa wakinywa kwenye baa ya Busby, wakichokozana nani ana ubavu wa kukaa, na kwamba waliokaa hawakurudi. Kutorudi kwenyewe hakuna ubishi. Kati ya watu 125,000 hivi waliorushwa na kikosi cha mabomu cha Uingereza, zaidi ya 55,000 walikufa. Kwa hesabu hiyo laana haikuwa na kazi kubwa ya kufanya. Mrushaji aliyekaa kwenye kiti kingine chochote cha baa ile naye alikuwa anakaribia nusu kwa nusu.

Nimeanza na kiti kwa sababu ninachotaka kukijadili ni vitabu vilivyotoka katika mtaa huohuo, vilivyoandikwa na mtu aliyekuwapo. Makumbusho yenye kiti yako Kirkgate. Kwenye namba 23 ya Kirkgate ndipo alipofika, Julai 1940, daktari wa mifugo kijana aitwaye Alfred Wight, mzaliwa wa Sunderland aliyelelewa Glasgow tangu akiwa na wiki chache, aliyehitimu Desemba 1939. Alikuja kufanya kazi kwa Donald Sinclair, na hakuondoka tena mpaka uzee, ukiacha muda aliokuwa jeshini. Alipokuwa amepita miaka hamsini akaandika. Madaktari wa mifugo wa Uingereza wakati huo walikatazwa kujitangaza, hivyo alihitaji jina jingine, na akalipata kwa golikipa wa Birmingham City aliyemwona kwenye televisheni: James Herriot. Kitabu cha kwanza, If Only They Could Talk, kilitoka 1970. Cha pili kilitoka 1972, na mwaka huohuo wachapishaji wa Marekani wakaviunganisha viwili kuwa kimoja, All Creatures Great and Small. Hapo dunia ikaujua mji uitwao Darrowby.

Thirsk ndiyo Darrowby. Kila mtu pale atakwambia hivyo, ingawa mwandishi mwenyewe alisema ameuchanganya na miji mingine ya gulio, Richmond, Leyburn na Middleham, na sehemu kubwa ya fikra zake. Jiografia inambana. Thirsk imekaa bondeni, kwenye ardhi bapa, na Darrowby imepandishwa kwenye milima ya Yorkshire Dales, magharibi, penye kuta za mawe na malisho ya kondoo. BBC ilipotengeneza tamthilia yake, kuanzia 1978 hadi 1990, ilikwenda kurekodi Askrigg, zaidi ya kilomita 40 kutoka Thirsk. Tamthilia mpya iliyoanza 2020 ikarekodiwa Grassington. Kwa hiyo mtu anayetaka kuona mji wa Herriot ana miji mitatu ya kuzungukia, na ule alioishi ndio haumo kwenye picha.

Nilipokuwa nasoma York nilikwenda Thirsk Jumatatu moja, siku ya gulio. Kituo cha treni kiko nje ya mji. Unatembea, unapita uwanja wa mbio za farasi, kisha unatokea kwenye uwanja uliosakafiwa kwa mawe, mnara wa saa katikati, mabanda ya jibini na soksi pembeni. Namba 23 sasa ni makumbusho ya Herriot, yaliyofunguliwa 1999. Vyumba vimepangwa kama vilivyokuwa miaka ya 1940: jiko, sebule, chumba cha dawa chenye chupa zake. Ndani ya makumbusho hayohayo wameweka pia mandhari ya studio ya BBC, kwa hiyo unatoka kwenye nyumba ya kweli ukaingia kwenye nakala yake ya mbao na rangi, na wageni wengi niliowaona walipigia picha nakala. Sikuwalaumu. Nakala ndiyo waliyoizoea.

Nilichokitazama mimi ni ile tarehe. Makumbusho yanasema miaka ya 1940. Vitabu vinasema Herriot alifika miaka ya 1930 inaelekea mwisho, vita vikiwa bado. Wight aliisogeza saa yake nyuma karibu miaka mitatu.

Wanaomhoji Herriot kwa kawaida hawaanzii hapo. Wanahesabu chumvi. Helen wa vitabuni ni binti wa mkulima. Joan Danbury, aliyeolewa na Wight tarehe 5 Novemba 1941, alikuwa katibu wa ofisi. Siegfried wa vitabuni ni bosi mwenye hasira za ghafla na moyo mwema, anayetoa amri asubuhi na kuikana mchana; Donald Sinclair hakufurahi kujiona hivyo, wakati mdogo wake Brian, anayeitwa Tristan vitabuni, alilipokea jina hilo kwa mikono miwili. Wagonjwa wengine ni watatu waliosukwa wakawa mmoja. Graham Lord aliandika kitabu kizima mwaka 1997 ambamo mengi ya namna hiyo yamepimwa na kuonekana ni ubunifu kuliko kumbukumbu.

Hayo hayanisumbui sana. Nimekulia katika nyumba ya bwana mifugo, na kuna mambo ambayo mtu hawezi kuyabuni akiwa kitini. Sura ya kwanza ya kitabu cha kwanza ni ng'ombe anayeshindwa kuzaa. Daktari amelala kifudifudi kwenye mawe ya zizi, kifua wazi, theluji inaingia mlangoni, mkono wote umezama ndani ya ng'ombe, na kila ng'ombe anaposukuma, mfupa wa nyonga unaubana mpaka vidole vinakufa ganzi. Nyuma yake amesimama mjomba wa familia, ambaye muda wote anamsifu daktari mwingine, Bwana Broomfield, asiyekuwapo, na namna ambavyo Bwana Broomfield angefanya. Ndama anatoka mzima. Bwana Dinsdale, mwenye zizi, anauliza habari ya kinywaji. Daktari, hoi, anashukuru kwa ukarimu huo. Kumbe swali lilimhusu ng'ombe. Na mjomba anakumbusha kwamba Bwana Broomfield haoni vyema kumnywesha ng'ombe aliyetoka kuzaa.

Mwandishi mvivu angeishia kwenye ndama aliyesimama kutafuta chuchu. Herriot anajua kwamba utabibu wa mifugo ni kazi inayofanywa mbele ya mashahidi, na shahidi ana haki ya kudharau kwa sababu mali ni yake. Ucheshi wote wa vitabu hivi unasimama juu ya uhusiano huo wa kiuchumi. Mkulima maskini anamtazama kijana mwenye cheti na kujiuliza kama hela yake inapotea. Ng'ombe akifa, mwenye cheti anapoteza heshima na mwenye zizi anapoteza mwaka mzima.

Yupo mkulima mwingine, John Skipton, aliyeanza kama kibarua asiyejua kusoma akaishia kuwa na shamba lake. Kila siku, kwa miaka kumi na miwili, anashuka mpaka mtoni akiwa na nyasi kavu kwenye uma wake kuwapelekea farasi wawili wazee wasiofanya kazi yoyote. Hakubali kuwauza. Sababu anayoitoa ni fupi: walitumika pamoja naye siku zile ambazo naye alikuwa mtumwa. Herriot anamwacha aseme hilo mara moja tu na hatii neno. Kuna historia za kilimo cha Yorkshire zenye majedwali ya mishahara ya vibarua ambazo hazikunielewesha utumishi wa shambani kama ukurasa huo.

Halafu kuna dawa. Wight alianza kazi wakati rafu zilikuwa zimejaa michanganyiko iliyokuwepo tangu enzi za babu, yenye harufu kali na majina makubwa, ikiwemo ile ya kutibu ng'ombe kwa kila ugonjwa. Ndani ya miaka michache dawa za salfa na kisha penisilini zikaifanya rafu nzima kuwa takataka. Farasi wa kulima nao wakaondoka, trekta zikaja. Herriot alisimama penye mwanya huo na alijua amesimama wapi. Anacheka dawa za zamani na papo hapo anazililia, kwa sababu angalau zilikuwa na maonyesho ya kumridhisha mkulima. Yeye mwenyewe alipata brusela kwa kuingiza mkono kwenye ng'ombe wanaotupa mimba. Kama historia ya kazi, vitabu hivi naviamini kuliko vingi vilivyojaa tarehe sahihi.

Ndiyo maana tarehe inanikera.

Fikiria Julai 1940. Ufaransa imeanguka mwezi uliopita. Uingereza inasubiri kuvamiwa, na serikali imeamuru vibao vya kuelekeza njia ving'olewe barabarani ili adui akishuka asijue yuko wapi. Taa za magari zimefunikwa, zimeachiwa upenyo mwembamba. Madirisha yote yametiwa giza. Petroli ni kwa mgawo. Mtu hawezi kuchinja nguruwe wake nyumbani bila kibali. Na katika nchi hiyo anaingia kijana kutoka Glasgow asiyelijua shamba hata moja, anayeamshwa usiku wa manane kwenda kumzalisha ng'ombe kilomita ishirini mlimani, bila vibao, kwa mwanga wa upenyo. Kwa mcheshi wa kiwango cha Herriot hiyo ni zawadi. Yeye akaitupa. Huyo huyo aliyetuandikia taa ya zizini kwa ustadi ule, hakutuandikia taa ya zizini ambayo ni kosa la jinai ikionekana nje.

Mashabiki watanijibu kwamba vita vimo. Kweli, vimo. Vets Might Fly cha 1976 na Vet in a Spin cha mwaka uliofuata vinamwonyesha akiwa kuruta wa jeshi la anga, kama alivyokuwa kweli: aliingia Novemba 1942, akapata ugonjwa uliohitaji upasuaji, akarudishwa uraiani mwaka uliofuata bila kuona mapambano. Lakini tazama vilivyopangwa. Kuruta anapiga kwata London au Scarborough, na kila akichoka anaikumbuka Darrowby, na Darrowby anayoikumbuka ni ya amani. Vita vinamfuata Herriot popote anapokwenda. Mji wanauacha ulivyo. Thirsk halisi ndiyo iliyokuwa karibu na injini. Mtu aliyekuwa kambini Scarborough akiota mji mtulivu alikuwa anaota mahali ambapo madirisha yalitikisika ndege nzito zilipopaa usiku.

Kwa nini aliisogeza saa? Jibu langu ni la msomaji, sina barua yake mkononi. Hadithi ya kabla ya vita ina faida ambayo mwandishi hailipii: msomaji anajua kinachokuja, mhusika hajui, na kwa hiyo kila farasi na kila chupa inapata uzito wa kuagwa. Hata chai ya mke wa mkulima inaonekana ya mwisho. Mwaka 1940 hauna faida hiyo, kwa sababu kinachokuja kimeshafika. Na soko lilisaidia. Tom McCormack, mhariri wa Marekani, aliposoma kitabu cha kwanza aliona hakina mwisho, akaomba sura za nyongeza zitakazofika kwenye ndoa ya James na Helen. Wight akaziandika. Kumbukumbu ya mtaalamu wa mifugo ikapata umbo la hadithi ya mapenzi katika kijiji kisichoguswa, na ikawafikia Wamarekani waliokuwa wanaiona Vietnam kwenye televisheni kila jioni. Sidhani kuna haja ya kutafuta siri nyingine ya mauzo yale.

Mwaka 1999 mwanawe, Jim, naye daktari wa mifugo, alichapisha wasifu wa baba yake, The Real James Herriot. Ni kitabu chenye upendo na kisichojua kukata maneno. Kurasa nyingi zinakwenda kwa mbwa na likizo. Ila ndicho kinachotuambia kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1960 Alfred Wight aliingia katika sonona nzito, mpaka akatibiwa kwa mishtuko ya umeme. Kuandika kukaja baada ya hapo, jioni, sebuleni, mbele ya televisheni iliyowashwa, familia ikiwepo. Tangu nilipolisoma hilo siwezi kuisoma Darrowby kama nilivyoisoma mwanzo. Vicheko vyake vimejengwa na mtu aliyekuwa amefika mahali ambapo hakuna kicheko, na pengine alihitaji mji wa kuingia jioni ambao hakuna baya kubwa lililoupata. Namwelewa. Ningekuwa yeye labda ningeing'oa vita yote.

Lakini kumwelewa hakunizuii kusema alichukua kitu kisicho chake. Sisi tunaoandika na kusoma insha za kweli tunabishana sana kuhusu majina: tumbadilishe shangazi jina, tumfiche jirani, tuwaunge wapenzi wawili kuwa mmoja? Mimi kwa hayo ni mlegevu. Aliyeandikwa vibaya anaweza kuja kugonga mlango wako, kama Sinclair alivyokuwa na uwezo wa kupanda ngazi na kumfokea mwenzake. Tarehe ni jambo jingine. Julai 1940 haikuwa mali ya Wight peke yake. Ilikuwa ya mke wa mkulima aliyekuwa na mwana Dunkirk, ya kibarua aliyejiandikisha, ya mtoto wa Kanada ambaye bado alikuwa shuleni Saskatchewan asijue kuna baa iitwayo Busby. Ukiisogeza tarehe hiyo umewatoa wote kwa mpigo, na hawana mlango wa kugonga.

Kwa wasomaji wa mbali, pamoja nami, Darrowby ndiyo kumbukumbu ya Thirsk. Hakuna mwandishi mwingine wa mji ule aliyesomwa hapa. Thomas Lord, aliyeanzisha uwanja wa kriketi wa Lord's kule London, alizaliwa Thirsk mwaka 1755, katika nyumba ileile inayohifadhi kiti cha Busby, na sijawahi kukutana na mtu wa nje ya Uingereza anayelijua hilo. Umaarufu wa kitabu kimoja hufunika, na kinachofunikwa kwanza ni kile ambacho kitabu kilikiruka.

Ukitaka kusoma, soma vitabu viwili vya kwanza, na ukivimaliza ruka moja kwa moja hadi vya jeshini, ambavyo havisifiwi sana na ambamo mwandishi anaonekana hana uhakika na mbinu zake. Sura zinakatika ovyo, mnyama anaingizwa kwa nguvu katikati ya kwata. Mimi nayapenda mashaka hayo. Ni mahali pekee ambapo ile saa iliyosogezwa inasikika ikigonga.

Na ukienda Thirsk, usiishie Kirkgate. Shika barabara ya Ripon, upande wa magharibi. Kwanza utapita njia panda ambapo Busby alinyongwa. Baa yake ilifungwa na jengo likageuzwa mkahawa wa vyakula vya Kihindi. Mbele kidogo, kabla ya mto Swale, ni kijiji cha Skipton-on-Swale. Kwenye majani ya kijiji kuna mnara wa kumbukumbu wa skwadroni mbili za Kanada, namba 424 na namba 433. Uwanja wenyewe umerudi kuwa mashamba.